Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Fundi anayestahili sifa katika kazi ya kuboresha magari ya spoti ni yule anayejua kazi ipi ianze na ipi isubiri. Vipuri huuzwa kwa kila mwenye fedha, lakini busara ya kupanga zamu yake haipatikani dukani. Pale gari linapotakiwa kumfikisha mwenyewe kazini siku za wiki, kisha Jumamosi liingie uwanja wa mbio na kurudi nyumbani bila kubebwa, mpangilio huo ndio unaoamua kama fedha zimeleta faida au zimepotea. Mfano ulio wazi ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili linalofunguka juu, lililozinduliwa Chicago Februari 1989. Mhandisi wake mkuu, Toshihiko Hirai, na wenzake waliliwekea injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115, kiasi ambacho magari mengi ya familia ya leo yanakizidi. Walichokazania ni wepesi: gari la kwanza lilikuwa chini ya kilo 1,000, uzito wake ukigawanyika karibu sawa kati ya mbele na nyuma. Kufikia 2016 yalikuwa yameshatengenezwa milioni moja. Gari lililopendwa kiasi hicho kwa jinsi linavyokata kona si gari la kuanza kulitafutia turbo, na bado wengi wakishalinunua huanzia hapo hapo.

Waanze na breki, kwa sababu kinacholishinda gari uwanjani mapema kuliko vyote ni joto. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. MX-5 yenye dereva ndani, ikipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kabla ya kona, hutoa joto linalotosha kuchemsha lita mbili za maji ya bomba, na hutoa joto hilo ndani ya sekunde chache. Mzunguko unaofuata, kona ni ile ile na joto ni lile lile, wakati diski hazijapoa. Madereva wa malori wanaoushuka mlima Kitonga mkoani Iringa wanalijua jambo hili bila hesabu, ndiyo maana mwenye uzoefu hushusha gia mapema. Joto hilo hufika hadi kwenye mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230, lakini kipimo chake yakishaingiwa na maji ni 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitikii. Chupa moja ya mafuta mapya na pedi zinazostahimili joto huondoa hatari hiyo kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na turbo. Pedi zenyewe zichaguliwe kwa akili: zile za mashindano matupu hupiga kelele na hazikamati vizuri zikiwa baridi, na asubuhi ya kwenda kazini breki huwa baridi.

Sambamba na hayo, fundi mzuri hukagua uzee wa gari. Rejeta ya MX-5 za mwanzo ina tangi la plastiki upande wa juu. Likiwa jipya ni jeusi. Miaka ikipita hugeuka rangi ya kahawia yenye ukijani, na anayelijua gari hili akiiona rangi hiyo hangoji lipasuke. Bushi zilizokauka na bolijointi inayocheza huharibu alaimenti hata ingepimwa kwa mashine bora kuliko zote. Na kwa kuwa gari halina paa la chuma, chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka kifungwe kabla ya kitu chochote cha kuongeza mwendo. Hapo sioni nafasi ya mjadala.

Wapo wanaosema matairi yatangulie, kwa kuwa ndiyo pekee yanayogusa lami. Hoja yao ina uzito, na tairi lililokwisha libadilishwe leo. Lakini tairi laini la mashindano lililofungwa mapema humficha dereva makosa yake: hukamata, hukamata, kisha huachia ghafla katika mwendo mkubwa zaidi. Mengi ya aina hiyo yana mifereji michache, na kwenye lami yenye maji ya mvua ni hatari. Tairi zuri la barabarani huanza kuteleza taratibu, na humfundisha dereva. Shokapu na springi nazo zina mtego wake. Gari gumu huonekana kali, ila kwenye barabara yenye viraka hudundadunda, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani.

Hoja ya upande wa pili iliyo nzito zaidi ni ya raha: mtu amenunua gari la spoti ili asisimke, kwa nini umnyime nguvu? Hanyimwi. Anaambiwa asubiri, kwa sababu kila nguvu ya farasi inayoongezwa huongeza joto kwenye oili, rejeta, klachi na breki. Anayeanza na turbo hulazimika kuzirudia sehemu hizo zote, mara nyingi baada ya moja kuharibika, na hulipia ufundi mara mbili. Aliyeanza na breki akifika kwenye nguvu hukuta gari limeshajiandaa kuipokea. Namheshimu sana fundi anayemwambia mteja ukweli huu huku akijua kwamba turbo ingemlipa zaidi. Kazi yake haionekani boneti likifunguliwa, wala haina mlio wa kutambia mtaani.

Basi msomaji, kama mwezi huu una fedha za kazi moja tu, mwambie fundi abadilishe mafuta ya breki na atoe upepo kwenye breki za magurudumu yote manne.