Herufi za Darubini

Jina la kitu ni maandishi mafupi, na kila maandishi yaweza kuhakikiwa. Tuchukue jina la darubini moja ya macho mawili ya Kijerumani: Zeiss Dialyt 7x42 BGAT*P*. Je, jina hili lamwelimisha mnunuzi, au lamduwaza?

Tarakimu zake zasema kweli. 7 yatuambia kwamba kitu kitaonekana kana kwamba kimesogea karibu mara 7. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 7, upate 6: huo ndio upana wa duara la nuru liendalo jichoni. Darubini ya 8x25 hutoa milimita 3 na kidogo tu. Mchana mboni ya jicho husinyaa, na tofauti hiyo haidhuru. Lakini magharibi, mboni ipanukapo, mwenye 8x25 huona giza mahali mwenzake aonapo ndege.

Herufi zake, kinyume cha hayo, ni kitendawili. B yatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya miwani: avaaye miwani hana haja ya kuivua. GA ni vazi la mpira. T* ni utando juu ya vioo uzuiao nuru isirudishwe nje. P* ni utando mwingine, ndani, ulindao ukali wa picha. Sifa hizi zote ni za kweli. Ila zimefungwa, na ufunguo hakupewa mnunuzi.

Msomaji wa Ndanai, katika nchi ya chai, hatishwi na herufi. Ajua kwamba BP1 ni chembe kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, na D1 ni vumbi. Huko Mombasa, ulikohamia mnada wa chai mwaka 1969, PF1 ya kiwanda kimoja na PF1 ya kingine ni daraja moja, hata kama ladha na bei zatofautiana. Darubini hazina mapatano kama hayo. HD ya mtengenezaji huyu si lazima iwe HD ya yule, wala hakuna kipimo kimoja kinachowafunga wote.

Basi, kabla ya kutoa fedha, soma tarakimu kwanza, kisha uliza maana ya kila herufi. Herufi isiyo na maana iliyopatanwa ni sifa ya muuzaji, si habari kwa mnunuzi.