Kitisho Kilichohama Msimbazi Kwenda Jangwani

Tarehe 8 Machi 2025, saa chache kabla ya Simba na Yanga kukutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Bodi ya Ligi iliahirisha pambano. Na kwa rai yangu, katika maamuzi yote ya msimu ule hapana lililokwenda kombo kuliko hilo. Simba walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba hawatacheza, kwa kuwa usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, haki waliyopewa na Kanuni ya 17(45) ya ligi. Dai lao lilikuwa na msingi, wala silibezi. Lakini nadharia ya michezo haiulizi ni nani aliyedhulumiwa, bali kila mmoja atatenda nini akijua mwenziwe atajibuje.

Wachambuzi wetu, jambo ninalolilalamikia tangu zamani, hukimbilia mizania ya Nash ya 1950, ambamo hakuna anayefaidi kwa kubadili hatua yake peke yake, wakaichora katika jedwali kana kwamba wote hutenda kwa pamoja. Reinhard Selten, ambaye sijamwona wa kumfikia, alifundisha mwaka 1965 kwamba hesabu huanzia hatua ya mwisho ikarejea nyuma, na kitisho ambacho mwenye kukitoa hatakitekeleza hutupwa. Mwenye hatua ya mwisho hapa ni Bodi, na kitisho chake ni ushindi wa mezani kwa mpinzani wa mgomaji. Tuseme mgomaji hufaidi thamani ya pointi 1 mechi ikiahirishwa, na hupoteza 3 isipoahirishwa: kugoma kutamfaa pale tu uwezekano wa kuahirishwa uzidipo robo tatu. Basi kumbuka Mei 8, 2021, saa ya mechi ya Simba na Yanga iliposogezwa kutoka 11 jioni hadi 1 usiku, Yanga wakashika saa ya awali, wakaondoka, na pambano likachezwa Julai 3. Aliyelishuhudia hilo alikwisha kuipima robo tatu yake. Machi 8 ikamthibitishia.

Ndipo kitisho kikahama mtaa, kutoka Msimbazi kwa Simba: sasa Jangwani, kwa Yanga, ndiko kulikosema hatuchezi, na tarehe mpya ya pambano ikasogea kutoka Juni 15 hadi 25, siku 109 baada ya ile ya kwanza. Yanga walishinda 2–0.

Laiti Bodi ingeyatenga mashauri mawili, kosa la mazoezi likahukumiwa peke yake baadaye, na mwamuzi akaingia kwa saa yake, akangoja, kanuni ikafuata mkondo. Yanga walifika uwanjani siku hiyo.