Moshi Uvaliwao: Udi katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili aghalabu huyatia manukato yote katika kapu moja. Asumini, marashi, uturi, udi na ubani hutajwa kwa pumzi moja, kisha husemwa kuwa ni ishara ya mapenzi au ya ukwasi, na mjadala ukafungwa hapo. Fasiri hiyo si ya uongo, ila ni ya haraka mno. Upungufu wake hudhihirika zaidi pale matini za pwani zinaposomwa mbali na pwani, kwa mfano huko Buluo, katika mji wa Likasi, Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni lakini chetezo si chombo cha kila nyumba.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ni mji wa madini. Huko Shituru shaba imesafishwa kwa asidi ya salfa na umeme tangu enzi za Wabelgiji, na majumbani watu wengi hupikia makala, yaani mkaa uchomwao katika misitu ya miombo na kuwashwa katika mbabula, jiko dogo la bati. Kwa msomaji aliyelelewa katika mazingira hayo, moshi nguoni ni alama ya kazi. Nguo hufuliwa ili utoke. Akikutana na matini ambamo mwanamke anatandaza kanga yake juu ya moshi kwa makusudi, akingoja uingie, atauliza swali ambalo msomaji wa Lamu au Unguja haoni haja ya kuliuliza: moshi unavaliwaje?

Swali hilo humrudisha mhakiki kwenye vitenzi, mahali alipopaswa kuanzia. Marashi hunyunyizwa, mafuta hupakwa, asumini hutungwa, udi hufukizwa. Udi ni mti wa jamii ya Aquilaria, wa Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki, ambao ukijeruhiwa na kushambuliwa na kuvu hujaa utomvu mweusi. Harufu yake hasa hutoka kwa joto. Mkaa sharti uachwe kwanza uive, moshi wake wenyewe uishe, ubaki mwekundu wenye jivu juu. Mfukizaji akiharakisha, nguo itanuka jikoni. Moto ukizidi, udi huungua ukatoa harufu ya uchungu. Kwa hiyo kinachotenga moshi wa mbabula na moshi wa chetezo ni subira juu ya mkaa ule ule. Msomaji wa Buluo, ajuaye tabia za mkaa kuliko walimu wengi wa fasihi, ana ufunguo wa taswira hii mkononi, lakini maelezo ya chini ya ukurasa humnyang'anya ufunguo huo yanapomwambia tu kwamba udi ni "aina ya manukato".

Kuna jambo jingine ambalo fasiri ya ishara hulipita. Aliyevaa udi ndiye wa kwanza kuacha kuusikia. Pua huzoea upesi, na baada ya muda mfupi mvaaji hubaki na joto la nguo tu, hali wengine hutambua alipopita hata baada ya yeye kuondoka. Moshi umeshika nyuzi za nguo na nywele, nao hutoka polepole, pengine hadi siku ya pili au ya tatu. Kwa sababu hiyo, mshairi anapotaja udi inafaa kuuliza ni nani katika shairi anayeunusa. Mara nyingi si mvaaji. Harufu hiyo ni habari zake zilizo mikononi mwa watu wengine, na mhakiki anayeiita "pambo" amemsahau msikilizaji wa habari hizo.

Nahau ya "kwa udi na uvumba" nayo imefikwa na mkasa wa aina hiyo. Magazeti na redio huitumia kwa maana ya "kwa kila njia", na aghalabu hakuna anayenusa kitu.

Hoja nzito zaidi ni ya mauti. Katika nyumba za Waislamu wa pwani, chetezo kinachofukiza nguo za bibi harusi ndicho kinachoweza kufukiza sanda. Udi na ubani huingia chumba cha arusi, huingia chumba cha maiti, na hutumiwa na waganga katika shughuli za pepo. Harufu yenye kazi hizi zote haiwezi kufungwa katika neno "mapenzi" bila kuharibiwa.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, unaonyesha faida ya kutenganisha. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga akiwa mgonjwa, miaka miwili hivi kabla ya kufa kwake, ili kumuusia binti yake. Miongoni mwa mausia ya usafi na mapambo yamo hina, wanja na asumini ya kutandazwa kitandani. Mhakiki wa kapu moja atasema haya yote ni "uturi wa ndoa" na kuendelea. Lakini asumini ni ua bichi. Kufikia asubuhi limesinyaa, na haliachi kitu katika shuka kama moshi uachavyo. Mama mgonjwa hamuusii binti yake harufu itakayodumu. Anamuusia kazi ya kuanzwa upya kila jioni, kwa maua mapya, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hatakuwamo.