Hodi kwa Rada

Kituo cha Jeshi la Anga cha Hill, katika jimbo la Utah nchini Marekani, kinabeba jina la rubani aliyeponzwa na kitu kidogo kilichosahauliwa. Tarehe 30 Oktoba 1935, Meja Ployer Hill alirusha ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, kutoka uwanja wa Wright huko Ohio. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Uchunguzi haukukuta injini mbovu. Kufuli la usukani, linalofungwa ndege inapoegeshwa ili upepo usiuchezee, lilikuwa halijafunguliwa. Kutokana na msiba huo marubani wakaanza kutumia orodha ya ukaguzi, wakiisoma mstari kwa mstari kabla ya kuruka. Mwaka 1939 uwanja mpya wa Utah ukapewa jina la Hill.

Ufundi unaosifiwa hapa nao ni wa watu wa orodha: kupanga mtandao usio na waya ndani ya kituo cha ndege za kivita. Hauna nyimbo wala sanamu. Ukifanywa vizuri hakuna anayeuona.

Faida yake anaijua fundi wa ndege. Zamani, akiwa chini ya bawa, alihitaji majalada mazito ya karatasi yanayoeleza kila skrubu. Ukurasa ukipotea, au kipuri kikihitajika, aliteremka akavuka maegesho hadi ofisini, akajaza fomu, akarudi. Siku hizi anashika kishikwambi, kitabu chote kimo humo, na kipuri anaagiza akiwa palepale alipo. Lakini kishikwambi kisicho na mtandao katikati ya zege pana la maegesho ni kioo tu.

Watu wengi wanaifahamu kazi ya kufunga waifai kwa sura yake ya nyumbani: ruta inawekwa sebuleni, na chumba cha mwisho kisipopata mawimbi kinaongezwa kifaa kingine. Sifa ya fundi wa nyumbani ni kwamba mtandao unafika kila mahali. Sifa ya mpangaji wa kituo cha kijeshi ni kwamba mtandao wake unajua pa kuishia.

Kazi inaanza kwa miguu. Mpangaji hufunga kifaa kimoja cha kurushia mawimbi juu ya mlingoti wa kubebeka, mrefu kama nguzo ya bendera ya shule, kinachoendeshwa kwa betri. Anausimamisha pale anapodhani kifaa cha kudumu kitakaa, kisha anatembea na kompyuta mkononi huku ramani ya jengo ikiwa wazi. Kila hatua chache anabonyeza, na namba inaandikwa kwenye ramani. Hasi 50 ni mawimbi yenye nguvu. Hasi 67 ni kiwango ambacho wengi hukitaka ili hata mazungumzo ya sauti yasikatike. Hasi 80, mambo yanaanza kuwa magumu. Hizo ni desibeli, na kila zinaposhuka 3 nguvu imepungua nusu. Anahamisha mlingoti, anaanza upya. Siku nzima inaweza kwisha ndani ya hanga moja.

Na hanga lina hila zake. Anayeishi chini ya paa la mabati anajua jinsi simu inavyohangaika kupata mtandao ndani. Hanga ni mabati ya ukubwa wa kiwanja cha mpira, na ndani yake mnasukumwa chuma kingine chenye mabawa. Katika masafa ya gigahetsi 2.4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake, na pengine yanafutana. Fundi akisogea hatua moja tu mtandao unapotea, akisogea nyingine unarudi. Ndege ikitolewa nje, ramani yote inabadilika. Kwa hiyo mpangaji makini hapimi hanga tupu peke yake. Anaomba lipimwe likiwa na ndege, tena milango ikiwa imefungwa.

Vigumu zaidi ni vibanda vya zege. Juni 1967 Israeli iliteketeza ndege nyingi za Misri zikiwa bado ardhini, na nchi za NATO zikajifunza kutoka hapo. Vituo vyao vya Ulaya vikajaa vibanda vya zege nene lenye nondo, vyenye milango mizito ya chuma, kila kimoja kwa ajili ya ndege moja au mbili. Kinga iliyojengwa dhidi ya bomu haipitishi wimbi la kifaa chenye nguvu ndogo kuliko taa ya tochi. Hapo hakuna ujanja. Waya lazima uvutwe hadi ndani na kila kibanda kipewe kifaa chake, na mpangaji ndiye anayemweleza kamanda, bila kupaka rangi, kwamba mtandao usio na waya unaanza na waya mwingi sana.

Nje, kwenye maegesho, tatizo ni la kimo. Wimbi linalosafiri kilomita moja haliendi kama uzi. Linavimba katikati, na kwa masafa ya gigahetsi 2.4 uvimbe huo unafika karibu mita 5 na nusu kila upande. Mkia wa ndege ya mizigo ya C-17 una kimo cha karibu mita 17, na unaweza kuukata uvimbe huo. Jibu la haraka ni mlingoti mrefu. Lakini kwa kanuni za Marekani, eneo la msingi la njia ya kurukia ya kijeshi ni mita 305 kila upande wa mstari wa kati, na kutoka ukingo huo kimo kinachoruhusiwa huongezeka mita 1 kwa kila mita 7 za kusogea mbali. Mlingoti wa mita 20 basi unataka kusimama mita 445 kutoka mstari wa kati, la sivyo unahesabiwa kuwa kizuizi. Mmoja mrefu hauwezekani, na wengi wafupi ni gharama. Hapa ndipo kipaji kinapoonekana: kutumia nguzo za taa zilizopo na kuta za mahanga, kugeuza antena nyuzi chache, hadi hesabu zikubaliane na zege.

Hata hivyo roho ya kazi yote ni adabu mbele ya wenyeji. Rada zilikuwapo kabla. Mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliruhusu mitandao isiyo na waya kuingia sehemu za masafa ya gigahetsi 5 zilizokuwa zikitumiwa na rada, na ruhusa hiyo ilikuja na masharti. Katika chaneli hizo kifaa kinanyamaza kwanza na kusikiliza kwa sekunde 60. Kikisikia mapigo ya rada, hakianzi. Kikiyasikia baadaye, kina sekunde 10 za kuondoka, na hakirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ni hodi, ila kwa rada mambo yamegeuka: hodi ikiitikiwa, mgeni ndiye anayeondoka.

Adabu hiyo ina sababu nzito. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya abiria iliyokuwa inatua Dallas ilikumbwa na upepo mkali unaoshuka ghafla kutoka mawinguni, na watu 137 wakafa. Baadaye Marekani ilijenga rada maalumu karibu na viwanja vya ndege ili kuuona upepo wa aina hiyo mapema, katika masafa ya gigahetsi 5.60 hadi 5.65. Mwaka 2009, huko San Juan, Puerto Rico, rada hiyo ilianza kuona michirizi isiyo ya mvua. Chanzo kilikuwa vifaa vya intaneti vilivyofungwa nje, juu ya majengo. Kuna mtu alipanda juu, akakaza skrubu, akashuka, bila kuuliza nani mwingine anatumia anga ile.

Mpangaji wa kituo cha ndege anauliza. Anaenda kwa ofisa wa masafa, anaomba orodha ya kila kinachorusha mawimbi, na anapima kwa siku na saa tofauti, kwa kuwa rada hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja na kipimo cha Jumamosi tulivu kinadanganya. Mara nyingi, karibu na njia ya kurukia, anaziacha kabisa chaneli zinazoshirikiwa na rada. Si sheria peke yake inayomzuia. Kifaa kinachofukuzwa mara kwa mara kitamwangusha fundi katikati ya ukurasa.

Kisha kuna baruti. Kombora, bomu, hata kiti kinachomrusha rubani nje ya ndege, mara nyingi huwashwa na kiwashio chenye waya mwembamba unaopashwa moto na umeme. Mawimbi yenye nguvu ya kutosha yakiupata waya ulio wazi, waya huo unaweza kugeuka antena. Ndiyo maana majeshi yana majedwali ya umbali wa usalama kati ya kila kirushaji na silaha, kwa kadiri ya nguvu na masafa yake. Kifaa cha waifai ni kidogo, na umbali wake kwa kawaida ni mfupi. Lakini mpangaji anauhesabu, anauchora kwenye ramani kama duara, na anatafuta saini.

Mwisho ni uzio, na anayesikiliza akiwa nje yake. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba usimbaji wa kwanza wa waifai, WEP, unavunjika, na Aprili 2004 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa agizo la kubana matumizi ya vifaa hivi vya kibiashara. Lakini hata ujumbe uliosimbwa unaonyesha kwamba kuna mtu anasema, na anasema kutoka wapi. Januari 2018 dunia iliona ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ikichora njia za wanajeshi waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao. Kwa hiyo nguvu inapunguzwa, antena zinaelekezwa ndani, na mpangaji anatembea nje ya uzio akitafuta mahali mtandao wake unapokufa. Akipapata, anapaandika.

Oktoba 2020 Wizara hiyohiyo ilitangaza dola milioni 600 za majaribio ya 5G katika vituo vitano. Hill kilikuwa kimojawapo, na jukumu lake lilikuwa kutafuta jinsi mtandao wa simu na rada za ndegeni zinavyoweza kugawana masafa yaleyale bila kuumizana. Kituo chenye jina la mtu wa kufuli lililosahauliwa kikapewa kazi ya kusikiliza kwanza.

Shule, hospitali na bandari zetu hazina makombora, lakini zina kuta nene, mabati, majirani wenye mitambo, na watu wanaotegemea mtandao kwa kazi zao. Msomaji anayekaribia kufungiwa mtandao mahali kama hapo amwombe fundi ramani ya vipimo kabla tundu la kwanza halijatobolewa ukutani, na amlipe kwa siku alizotembea akipima.