Kuokoa Kizazi cha Ufukweni: Magadi 1962 na Maziwa ya Singida

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya magadi, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Hakuna mto unaotoka katika ziwa lolote kati ya hayo. Maji ya mvua huteremka kutoka mashambani na kwenye mawe makubwa ya itale, yakatuama ziwani, kisha yakaondoka kwa njia moja tu: kunyonywa na jua. Chumvi iliyokuja nayo hubaki. Kwa hiyo maji huzidi kuwa makali kadiri kiangazi kinavyosonga, na ufuko husogea mbali kati ya mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame.

Ukali huo wa maji ndio unaowaleta heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe mdogo hula vijimea vya kijani-buluu vya jamii ya spirulina, vinavyostawi katika maji ya magadi ambako samaki wengi na mimea mingi hushindwa kuishi. Lakini heroe wanaoonekana Singidani na Kindai wako mezani tu, hawako nyumbani. Kiota cha heroe mdogo wa Afrika Mashariki kiko Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, na karibu kila heroe mdogo anayeonekana katika maziwa ya Bonde la Ufa alianguliwa huko. Duniani kote, mahali ambapo ndege huyu huzaa mara kwa mara hapazidi idadi ya vidole vya mkono mmoja kwa kiasi kikubwa: Natron, Sua katika bonde la Makgadikgadi nchini Botswana, Etosha nchini Namibia, bwawa la Kamfers nchini Afrika Kusini, na maeneo machache ya Gujarat nchini India.

Wanaozaa kwenye ufuko wa Singida wenyewe ni ndege wa namna nyingine, wadogo na wasioonekana kwa urahisi: vitwitwi na jamaa zao, ambao hutaga mayai mawili hadi manne katika kishimo kidogo ardhini, kwenye tope lililokauka au changarawe. Kwa hiyo mtu anayetaka kulinda ndege wa ufukweni Singida anashughulikia matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza liko mbali na ni la kundi kubwa mno. La pili liko chini ya miguu yake. Kisa cha Ziwa Magadi mwaka 1962 kinaonyesha jinsi la kwanza lilivyowahi kushughulikiwa kwa mikono ya watu, na kinafaa kuchambuliwa kwa makini kwa sababu mbinu zake zilitokana na kuelewa tabia ya ndege.

Mahali heroe wanapozaa hapakujulikana kitaalamu hadi mwaka 1954, Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, alipoona kundi la viota Natron akiwa angani katika ndege ndogo. Alijaribu baadaye kuvifikia kwa miguu. Tope la Natron lilimnasa, maji ya magadi yakamchoma ngozi ya miguu vibaya sana, akalazwa hospitali. Jambo lililomuumiza ndilo linalowalinda heroe. Katikati ya ziwa hilo fisi hafiki, bweha hafiki, na binadamu hafiki. Heroe hujenga kichuguu cha tope, hutaga yai moja, huliatamia kwa takriban siku 28, na kifaranga huondoka kiotani baada ya siku chache kujiunga na kundi la vifaranga wenzake. Makundi hayo, ambayo yanaweza kuwa na maelfu kwa maelfu, hutembea kilomita nyingi kuelekea kwenye chemchemi za pembeni mwa ziwa ambako maji si makali sana. Kifaranga huchukua zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka. Muda wote huo miguu ndiyo tegemeo lake pekee.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa zisizo za kawaida ziliikumba Afrika Mashariki. Natron ilifurika, na sehemu zenye tope la kujengea viota zikafunikwa na maji. Heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa pili wa mpaka, kusini mwa Kenya, wakazaa huko mwaka 1962 kwa wingi usiowahi kuonekana hapo. Magadi ni ziwa gumu kuliko Natron. Sehemu kubwa ya uso wake ni ganda la magadi yaliyoganda, na penye maji, maji hayo yamekaribia kufikia kiwango ambacho hayawezi tena kuyeyusha chumvi. Vifaranga walipoanza safari yao ya kawaida, chumvi iliganda kwenye miguu yao kila walipoingia na kutoka majini. Tabaka juu ya tabaka, pete ikakua hadi ikawa pingu nzito ya mawe ya magadi. Kifaranga mwenye pingu hubaki nyuma ya kundi, huchoka, huanguka, na akishaanguka hafi kwa pingu yenyewe bali kwa njaa, kiu na jua.

Watu waliokwenda kusaidia, miongoni mwao Alan Root, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa filamu za wanyamapori, walitumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ile inayokumbukwa zaidi: kumkamata kifaranga mmoja mmoja, kuivunja pingu kwa mkono, na kumwachia. Magadi yaliyoganda ni magumu lakini hupasuka upesi yakigongwa, na mguu wa kifaranga ukishikwa vizuri haudhuriki. Vifaranga wapatao 27,000 walifunguliwa kwa njia hii. Ni idadi ya kustaajabisha kwa kazi ya mikono, kwenye jua la Magadi, katika maji yanayowasha ngozi.

Njia ya pili haina picha za kuvutia, lakini ndiyo iliyookoa wengi zaidi. Makundi ya vifaranga ambao pingu zilikuwa hazijaanza kuwashika yaliswagwa polepole kutoka kwenye maji makali hadi kwenye maji mepesi zaidi. Makadirio ya vifaranga walioepushwa na hatari hivyo ni 200,000. Tofauti hiyo, karibu mara saba, ndiyo kiini cha kisa hiki. Kuvunja pingu ni tiba, na tiba huenda kwa kasi ya mkono. Kuswaga ni kinga, na ilitumia kitu ambacho vifaranga wenyewe walikuwa nacho tayari: mazoea ya kukaa pamoja na kutembea kwa kundi. Mfugaji yeyote wa Singida anajua kwamba kundi linaloswagwa kwa pupa hukanyagana na dhaifu hubaki nyuma, kwa hiyo kasi ya kazi ilipaswa kufuata hatua za kifaranga mdogo kabisa.

Jambo la tatu linapita kirahisi machoni pa msomaji: waokoaji hawakufanya kazi katikati ya viota. Walisubiri vifaranga wafike pembeni, wawe wamekwisha achana na viota, ndipo wakaingilia. Heroe aliyeatamia akitishwa huweza kuacha yai, na kundi zima likiruka kwa hofu, mayai na vifaranga wachanga hubaki bila kivuli. Kuingia mapema kungeweza kuua wengi kuliko pingu zenyewe. John G. Williams, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la Nairobi, aliandika habari za uokoaji huo katika jarida la National Geographic mwaka 1963, na mwaka 1971 Brown na Root walichapisha katika jarida la Ibis utafiti wao wa kina kuhusu uzazi wa heroe mdogo.

Kwa kulinganisha, Kamfers, karibu na mji wa Kimberley, inaonyesha bei ya kuchelewa. Mwaka 2006 kilijengwa humo kisiwa bandia chenye umbo la herufi S, na heroe wadogo wakakikubali, wakazaa hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 maji ya bwawa yalipungua, wazazi wengi wakaondoka, na vifaranga wapatao 2,000 wakachukuliwa na watu wa kujitolea na kupelekwa katika vituo mbalimbali, hadi Cape Town, walishwe kwa mikono. Wengi walikufa, wengine walifikia umri wa kuruka wakaachiwa. Kila kifaranga alihitaji chakula cha maji, joto, na mtu wa kumhudumia usiku na mchana kwa majuma. Magadi, vifaranga hawakuondolewa ziwani. Wazazi wao waliendelea kuwalisha, na gharama ilikuwa ya miguu na jasho tu.

Kwa vitwitwi wa Singida kanuni hiyo hiyo ya kufuata tabia ya ndege inageuka kuwa katazo: usiwaguse. Mayai ya kitwitwi yana rangi ya udongo na madoa, na kinga yake ni kutoonekana. Kuna kitwitwi mmoja aliyeenea sana kwenye fuko za bara, ambaye kwa miaka mingi ameitwa kitaalamu Charadrius pecuarius, ambaye akihisi hatari huyafukia mayai yake kwa mchanga kwa kupiga miguu haraka, ndipo akimbie. Mtazamaji anayemkaribia hukuta ardhi tupu na hudhani hakuna kitu, na hatua yake inayofuata inaweza kuwa juu ya yai. Hatari nyingine ni joto. Kwenye tope jeupe la kiangazi, mzazi haatamii ili kuyapasha mayai moto bali kuyatia kivuli, na hata kuyalowesha kwa manyoya ya tumbo aliyoyachovya majini. Watu wakisimama karibu na kiota saa sita mchana, mzazi akakaa pembeni akilia, mayai yanaweza kuharibika kwa muda mfupi sana.

Matembezi ya kutazama ndege katika fuko kama hizi kwa hiyo hupangwa asubuhi mapema, jua likiwa bado dogo na likiwa mgongoni mwa mtazamaji. Watu hupita kwa mstari mmoja kwenye njia ileile, hawatawanyiki. Darubini ya kusimika kwenye miguu mitatu huwawezesha kukaa mbali. Ndege anayejiburuta huku ameangusha bawa kana kwamba limevunjika hatakiwi kufuatwa: anawavuta watu mbali na kiota, na jibu sahihi ni kurudi nyuma kwa njia waliyokuja nayo. Kuweka fimbo au jiwe la alama kando ya kiota, jambo ambalo wageni hulifanya kwa nia njema, huwaonyesha kunguru na mbwa mahali pa kwenda. Alama zikihitajika ziwekwe mbali, na ziwe zinaonyesha eneo zima. Ng'ombe na mbuzi lazima wanywe, hasa kiangazi, kwa hiyo njia inayotekelezeka ni kukubaliana na wafugaji kuhusu mapito machache ya kufikia maji kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ambao ndio unaohitajika mayai kuanguliwa. Vifaranga wa kitwitwi hutembea siku ileile waliyoanguliwa, na baada ya hapo hatari ya kukanyagwa hupungua.

Kuhesabu ni kazi ya kujitolea yenye historia ndefu. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza mwaka 1967, na tawi lake la Afrika mwaka 1991. Januari ndio mwezi mkuu, kwa sababu wahamaji kutoka Ulaya na Asia wako huku na wametulia. Tanzania ilifanya sensa kubwa ya nchi nzima Januari 1995. Kwa makundi madogo kila ndege huhesabiwa. Kwa heroe, mhesabuji huhesabu kumi, akaona kumi wanachukua nafasi gani, kisha mia, akalipima kundi kwa kipimo hicho. Makosa ni makubwa pale kundi linapobanana, na ndiyo sababu katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipiga picha kutoka angani juu ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini, wakahesabu heroe kwenye picha. Picha hutoa nafasi ya kuhesabu tena, na ya mtu wa pili kuhakiki. Lakini heroe anaweza kuhama ziwa moja hadi jingine kwa usiku mmoja, hivyo hesabu ya Singidani peke yake haisemi kama heroe wamepungua au wamekwenda Ziwa Manyara kula. Maziwa yahesabiwe siku zinazokaribiana, na ziwa dogo lililoachwa huvuruga jumla ya nchi nzima. Hapo ndipo wakazi wa Singida wenye darubini na daftari wanakuwa na umuhimu usioweza kuzibwa na mtaalamu anayepita mara moja.

Sheria inawapa pa kusimamia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa la asili, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawalinda ndege wa mwituni. Ugumu uko kwenye ukingo wenyewe. Katika ziwa lisilo na mto wa kutokea, mita 60 zilizopimwa mwaka wa ukame zinaweza kuwa chini ya maji mwaka wa mafuriko. Na vitwitwi hutaga kwenye sakafu ya ziwa iliyoachwa wazi, ndani ya mstari wa ukingo, mahali ambapo jicho la mpita njia huona kiwanja kisicho na mwenyewe. Nguzo moja ya kupimia kina cha maji, iliyosimikwa mahali pasipobadilika na kusomwa kila mwezi pamoja na idadi ya ndege na mahali viota vilipoonekana, huonyesha baada ya miaka michache ukingo wa juu kabisa uko wapi, na ni kina gani kinachoacha wazi ardhi ya kutagia.