Ukurasa wa Kulia

Penseli imefungwa kwa uzi kwenye chandarua, upande wa kichwani, mahali ambapo mkono unaifikia bila mwili kuinuka. Mwalimu hatumii kalamu ya wino pale kitandani, kwa sababu huandika angali amelala chali, na wino haupandi. Chini ya mto liko kaunta buku la kwaya mbili, la aina ile ile wanayoandikia madeni wenye maduka wa Mwanza, lenye jalada gumu. Anakaa Igoma, alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na ndoto zake anaziandika na kuzichora tangu ujanani.

Hatua ya kwanza hakuna awezaye kuitazama, nimesimuliwa. Akizinduka hajigeuzi wala hafumbui macho. Anaishika picha ya mwisho, kisha anarudi nyuma: kabla ya hapa nilikuwa wapi, na kabla ya pale? Akifika asikoweza kuendelea, ndipo anapojilaza chali na kuitafuta penseli. Huandika majina matupu: mtumbwi, shangazi, harufu ya dagaa, mlango mfupi. Sentensi haziandiki saa hiyo. Sentensi hutaka kumaliziwa, anasema, na ukianza kuimalizia umeshaanza kutunga.

Kazi yake huangukia alfajiri, na ina sababu. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza habari za usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, na aliyeamshwa wakati huo mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Usingizi huo hurudi takriban kila dakika 90, na vipindi vyake hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Mwalimu alijifunza saa zake kwa kuamka tu.

Baada ya chai hutoka barazani na kigoda chake, na kuanzia hapo nimemtazama mara nyingi. Ukurasa wa kushoto ni wa maneno. Anayachukua majina ya alfajiri moja moja na kuyajengea sentensi kwa wakati uliopo: ninapita, ninashika, ananiita. Anaandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Pale kumbukumbu inapokatika anachora kistari kifupi na kuanza mstari mwingine. "Halafu" haiandiki mpaka awe na hakika kwamba jambo moja lilifuata jingine, na nimemwona akikaa muda mrefu penseli ikiwa hewani, akiamua kama anastahili kuiandika. Mara nyingi haiandiki.

Ukurasa wa kulia ni wa picha, na huanza kwa nukta. Nukta hiyo ni pale alipokuwa amesimama ndani ya ndoto. Kila kitu kingine kinapimwa kutoka hapo. Kisha huja kile kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kwa ukubwa kilichokuwa nao usingizini. Siku moja jiwe la kusagia lilijaza nusu ya ukurasa, na nyumba ya marehemu mama yake ikakaa pembeni yake ndogo kama kiberiti. Akinyoosha penseli mbele ya uso na kuweka kidole gumba, utadhani jiwe liko uani analipima. Alifuta paa mara mbili kwa sababu lilikuwa limezidi kidogo.

Rangi anatengeneza mwenyewe. Udongo mwekundu anaukoroga kwenye bakuli la maji na kuuacha. Mchanga ukishazama, anamimina yale maji mekundu katika bakuli la pili, yakituama anamwaga maji ya juu, na tope laini linalobaki analianika. Nyeupe ni vipande vya chaki vilivyopondwa kwa chupa. Nyeusi ni masizi ya sufuria, nayo ndiyo yenye kiburi: huelea juu ya maji na kukataa kulowa, hivyo anaanza kwa tone la maji ya sabuni na kuisugua kwa kisu butu mpaka itulie. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, ya dukani. Vyote anavishikisha kwa gundi ya mgunga iliyolala ndani ya maji ya vuguvugu na kuchujwa kwa kipande cha kanga. Brashi ni kijiti cha mswaki, ncha imetafunwa mpaka nyuzi zikaachana.

Karatasi ya kaunta buku ni nyembamba, ikilowa hujikunja. Kwa hiyo anaweka nailoni chini ya ukurasa, anachovya ncha, anaifuta ukingoni mwa kikombe, na kupaka rangi nzito kwa miguso mifupi. Mguso, kungoja, mguso. Anaanza na nyeupe na kumalizia na nyeusi, kwa sababu masizi yakiingia mapema huchafua kila kitu.

Kinachonistaajabisha zaidi ni anachokiacha. Asichokiona hakichori. Katika kurasa zake kuna watu wasio na nyuso, si kwa mtindo, ila kwa sababu uso hakuuona. Kuna njia zinazokomea kwenye karatasi tupu. Nadhani fundi mwingine angepajaza. Ni vigumu sana kuacha nafasi wazi mkono unapojua fika nini kingekaa pale.

Usukumani ndoto haijawahi kuwa jambo dogo. Waliotangulia huja nayo, na wengi huipeleka kwa nfumu, yaani mganga. Michoro nayo haikuwa jambo dogo, kwani kuta ziliwahi kubeba mambo mazito: Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka huohuo wa 1953 kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wachezeshaji nyoka wa Tanganyika. Na huko Mlima Elgon, mwaka 1925, mwanasaikolojia Carl Jung aliwauliza wazee habari za ndoto zao. Aliandika kwamba mzee mmoja alimjibu kwa huzuni kuwa tangu Waingereza waje, ndoto za kuongoza watu zimekoma. Mwalimu anawaheshimu wenye kutafsiri, na hata vijitabu vya tafsiri vinavyouzwa mitaani havibezi. Ila yeye hutafsiri mwisho, akitafsiri. Ukurasa ukikauka hufungwa, na hausomi mpaka daftari lijae.

Nyuma ya kila daftari kuna orodha ya vitu vinavyorudi, na tarehe zake. Meli ina safu yake. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, na wengi waliokufa wamezikwa hapa Igoma. Alinifungulia michoro mitatu ya meli hiyo, ya madaftari tofauti. Wa kwanza ni ubavu mweusi tu. Wa pili una ngazi. Katika wa tatu, uliochorwa miaka mingi baadaye, kuna mstari wa madirisha, na dirisha moja limepakwa njano ya binzari, rangi ambayo sijaiona kwingine kokote katika madaftari yake. Nilimuuliza kwa nini lile moja. "Ndilo lililokuwa na taa," alisema, akafunua ukurasa.

Sasa mjukuu wake wa darasa la tatu naye ana daftari. Asubuhi moja alileta ng'ombe aliyemwota, amechorwa vizuri, miguu minne, kwato zote.

"Shikamoo Bibi. Nimemaliza."

"Marahaba. Huyu ng'ombe alikuwa wapi?"

"Kwenye majani marefu."

"Marefu mpaka wapi?"

Mtoto aligusa tumbo la ng'ombe kwa kidole. Bibi yake akampa kifutio, na mtoto akaanza kufuta miguu, mmoja baada ya mwingine, akipuliza vumbi la karatasi.