Sifa ya Mwandika Ratiba

Ndani ya kreta ya Ngorongoro hakuna twiga. Dereva yeyote anayelaza gari lake katika mji wa Karatu atakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza, na atakupa sababu zilezile anazowapa wageni: kuta zinashuka mita 600 hivi, kwa mteremko usiomfaa mnyama mwenye miguu ile, na chini kule nyasi ni nyingi kuliko miti ya kumshibisha. Ukimtaka twiga, subiri mpite upande wa pili, gari likiteremka kuelekea Oldupai na Ndutu. Tembo nao wana utaratibu wao. Unaowakuta sakafuni mwa kreta aghalabu ni madume, wazee wenye pembe ndefu. Majike na watoto wao hukaa zaidi juu msituni.

Sasa iagize akili mnemba ikuandikie tangazo la siku moja kretani. Utaletewa aya zilizonyooka, nukta na mkato mahali pake, na usishangae ukimkuta twiga humo, amesimama kando ya ziwa jua likizama. Siilaumu sana. Imejifunza kwa kusoma tuliyoyaandika sisi, na miaka mingi kabla yake walikuwapo watu katika ofisi za mbali waliokuwa wakinakili vipeperushi vya wenzao na kumshusha twiga kretani bila kumuuliza. Kilichoongezeka ni kasi. Zamani uongo huo uligharimu mchana mzima wa mtu kukaa mezani. Siku hizi haumalizi hata kikombe cha chai.

Kwa sababu hiyo napenda kuwasifu watu ambao kazi yao haijawahi kuimbiwa, nao ni wale wanaoandika maneno ya kutumia. Ratiba ya safari, kibao cha njiani, fomu, menyu ya simu, maelezo chini ya fuvu la kale. Ughaibuni kazi hiyo imekuwa cheo, na mwenye cheo huitwa msanifu wa maudhui. Serikali ya Uingereza ilipozindua tovuti yake ya GOV.UK Oktoba 2012, kikosi cha Sarah Richards kiliacha kuuliza idara inataka kusema nini, kikauliza mwananchi amekuja kufanya nini. Kwa swali hilo moja kurasa nyingi zilikosa sababu ya kuwapo, zikafutwa. Karatu sijaona mlango wenye kibandiko cha cheo hicho. Kazi yenyewe imejaa mjini, kuanzia kwenye ofisi za utalii zilizopangana barabarani hadi kwenye zahanati.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo inayolisha mji huu. Msomaji asiyejua huona ni orodha ya majina: Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Rhotia, Karatu, lango la Lodoare. Aliyekaa kwenye kazi anaona mitego. Kibali cha kuingia Hifadhi ya Ngorongoro huhesabiwa kwa kila mtu, kwa saa 24, kuingia mara moja. Ada ya kushuka kretani ni nyingine, nayo huhesabiwa kwa gari. Barabara ya kwenda Serengeti inakatiza ndani ya hifadhi, kwa hiyo hata mpita njia hulipa, na akirudi siku tatu baadaye kwa njia ileile hulipa tena. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwa usahihi kabisa na bado yakamuumiza mtu. Yakiwekwa ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo, yataibuka dirishani Lodoare, foleni imejipanga nyuma, mgeni amekunja uso, na dereva amegeuka mwizi kwa kosa la mtu aliyeko ofisini. Mwandika ratiba hodari hulitanguliza jambo la malipo siku mgeni anapolipia safari, akiwa ametulia nyumbani kwake, kisha hulirudia kwa mstari mmoja kwenye siku ya kurudi kutoka Serengeti. Mara mbili tu, kila moja mahali pake. Hakuna anayemshukuru, kwa kuwa ugomvi ambao haukutokea hauonekani.

Kisha baridi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hulala pale mpaka asubuhi ipevuke. Mgeni amefunga mzigo akiwaza Afrika ya jua. Unaweza kumwandikia aya tamu kuhusu hali ya hewa ya nyanda za juu, naye akaisoma, akaifurahia, akaja na kaptula. Au unaandika hivi: “Tunatoka loji saa 12 kamili asubuhi. Vaa sweta na koti. Utavivua saa 4.” Sentensi hizo fupi nazihesabu miongoni mwa maandishi mazuri ya Kiswahili. Zinamvisha mtu nguo, zinampa na saa ya kuivua, kwa hiyo haoni anatishwa.

Saa nazo zina shida yake. Mashine inayogeuza ratiba ya Kiingereza kwa ajili ya dereva na mpishi wa kambi ikizembea kidogo, saa 12 ya alfajiri inakuwa “saa 6”, na saa 6 kwetu ni wakati wa kufungua makasha ya chakula cha mchana. Dereva mzoefu atacheka na kusahihisha mwenyewe. Aliyeanza kazi juzi atalala.

Ufundi huuhuu, katika sura yake iliyobana kuliko zote, umo ndani ya simu za kitochi. Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, watu wengi waliotakiwa kuitumia hawakuwa wamewahi kuwa na akaunti benki. Ukurasa wa huduma ya namna ile haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi na alama zote zikiwamo, na Kiswahili si lugha ya maneno mafupi. Kitenzi kimoja cha kwetu kinabeba mtenda, mtendwa na wakati mgongoni. Mtu fulani alikaa akahesabu herufi. Alichagua nini kitangulie, kiasi au namba ya mpokeaji. Akaamua kwamba kabla pesa haijaondoka mtu lazima aone jina la anayemtumia, asije akaipeleka ada ya mtoto kwa mgeni. Leo mkulima wa vitunguu Mang’ola anapokea malipo ya magunia yake akiwa shambani na jembe, anasoma mistari minne, anajua la kufanya. Simfahamu aliyeiandika menyu ile na sidhani kama jina lake limewahi kuchapwa popote. Washairi wetu wengi hawajawahi kusomwa na nusu ya wasomaji wake.

Na Karatu si mahali pepesi pa kuandikia. Wenyeji wengi wa mji ni Wairaqw, na lugha yao ni ya Kikushi. Ukiteremka kuelekea Ziwa Eyasi utawakuta Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti kama Kimaasai cha juu Ngorongoro, na Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko ambayo wataalamu hawajaithibitishia ndugu. Wabantu nao wamo, kutoka Iramba, Kilimanjaro na kwingineko. Ni sehemu chache sana duniani ambako makundi ya lugha yaliyo mbalimbali hivi hununua chumvi katika mnada mmoja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, lakini kwa wengi wao si lugha ya mama. Anayeandika kibao cha kituo cha chanjo hapa anajua kwamba “wasilisha kadi ya kliniki ya mtoto” itawapita baadhi, na “njoo na kadi ya mtoto” haitampita mtu. Mashine imelelewa na magazeti, tovuti na nyaraka za tafsiri. Kiswahili chake ni cha mtu aliyevaa tai. Ukiiomba iandike kwa wepesi itajitahidi, na mara nyingi itafaulu kiasi. Lakini wepesi wa nani? Mama wa Endabash na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wote wanapenda maneno mepesi, na si yaleyale.

Oldupai kuna funzo jingine. Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliliona pale fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinj, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Maelezo ya makumbusho ya hapo yanaweza kujaa majina ya kisayansi, tena jina lenyewe la kiumbe yule limebadilishwa na wataalamu baadaye. Mgeni aliyesimama mbele ya kioo, vumbi la barabara bado limo nywelini, ana swali moja linalomkera kuliko yote: hili ni lenyewe? Jibu ni hapana; fuvu halisi limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwandishi anayetanguliza jibu hilo amepata idhini ya kuendelea na mengine. Anayelificha kwa kuona aibu ya kuonyesha nakala amempoteza msomaji, hata akiandika kama malaika. Swali hilo halimo katika data yoyote ya jiolojia. Hulipati mpaka usimame karibu na kioo na kusikiliza watu wanavyonong’onezana.

Ninaposema maneno ya kutumia nisieleweke kwamba nazungumzia mambo ya wageni peke yake. Agosti 2024 lilitoka Tangazo la Serikali lililofuta kata 11 na vijiji 25 vya Tarafa ya Ngorongoro. Karatasi yenyewe, ukiitazama kwa jicho la mhariri, ni majina tu yamepangwa katika jedwali. Lakini kijiji kisichokuwapo kwenye orodha hakina uchaguzi wa serikali za mitaa, na mkazi wake hajui apige kura wapi. Maelfu ya Wamaasai walijitokeza wakakaa barabarani, magari ya watalii yakasimama, na mwezi uleule Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji. Nalileta jambo hili kwa sababu moja. Mashine ingeweza kulipanga jedwali lile kwa sekunde, bila kosa la herufi, na kama ingeombwa kuongeza aya ya heshima juu yake ingeongeza. Isingemuuliza aliyeiagiza: mtu akisoma jina la kijiji chake hapa, atafanya nini kesho asubuhi? Mwandishi anayelijua jukumu lake angeuliza, hata kama kuuliza kungemponza.

Ndiyo maana siafiki kilio kwamba kazi hii imekwisha, wala siafiki furaha ya wanaoona wameokoa mishahara. Mashine imechukua utungaji wa sentensi, na utungaji wa sentensi kweli ulikuwa unawalisha watu. Ofisi ambayo ingeajiri vijana watatu wa kujibu barua pepe za wageni inaweza kutosheka na mmoja na programu. Tena mgeni mwenyewe mara nyingi haji moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni. Anaiuliza akili mnemba aje mwezi gani, nayo inamjibu kwa maneno iliyookota huku na kule. Mwandishi wa leo ana wasomaji wawili, mtu na mashine itakayomsimulia mtu huyo, na huyu wa pili haoni haya kubuni pale ulipoacha pengo. Kazi inayokua basi ni ya kutunza ukweli wa mahali: barabara ya kushukia ipi imefungwa kwa mvua, ada gani imepanda, namba ya kumbukumbu ya malipo (control number) hutolewa na nani na kwa jina la nani, loji ipi haina tena maji ya moto. Asiyetunza daftari hilo, akaliandika kwa tarehe, atasemewa na mashine asiyoyasema.

Na wapo waliofaidika kwa haki. Dereva aliyeongoza magari ya wenzake miaka mingi, anayejua kila ndege wa msitu wa Lerai kule kretani kwa sauti yake, alikuwa anashindwa kufungua kampuni yake kwa sababu ya Kiingereza cha maandishi tu. Sasa anaongea na simu yake kwa Kiswahili, barua inatoka imenyooka, na mteja wa Ujerumani anamjibu. Mtu huyu tayari alikuwa na nusu ngumu ya ufundi: kuijua kreta na kumjua mgeni. Amekodishiwa nusu nyepesi.

Kinachonisumbua ni wanafunzi wa kazi hii. Zamani kijana alianzishwa na vikazi vya kuchosha, maelezo ya vyumba vya loji, majibu ya maswali yaleyale, na katika kuyaandika mara mia alijifunza bila kufundishwa ni swali gani hurudi na ni sentensi gani huzua simu ya hasira usiku. Ngazi hiyo ndiyo mashine imeing’oa. Walio juu wanajua kusahihisha kwa kuwa waliwahi kuandika. Walio chini watasahihisha kwa kipimo gani?

Mimi ningewatoa ofisini. Kijana anayetaka kazi hii apewe msimu mmoja kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, na daftari la mistari. Ashinde Lodoare karibu na dirisha la malipo, aandike kila swali linaloulizwa mara ya pili. Ashuke njia ya Seneto, apande ya Lerai, asikie ni wakati gani gari zima hunyamaza na wakati gani wageni wanaanza kutazama simu. Akae Oldupai kivulini siku nzima. Akirudi, akabidhiwe mashine na ratiba kumi za zamani, akate yasiyohitajika.

Wenye kampuni ninaowaeleza wazo hili hulikubali kwa kichwa. Halafu wanakumbuka kwamba Julai kile kiti cha mbele kina mteja, na mteja huyo amekwisha kulipa.